Ubao wa Tatu

Nilishuka kwenye bodaboda pale Kisubi,
Entebbe ikiwa bado mbele kidogo.
Dereva aliniuliza mara mbili, "Zika? Kufanya nini?"
Nikamwambia naenda kutembea tu.
Akahesabu chenji polepole, akaondoka bila kuaga.

Getini alikuwepo Nalubowa, buti za mpira,
panga limefungwa kitambaa,
na daftari la wageni ambalo halijawahi kuchoka.
Jana: hakuna.
Juzi: wanafunzi wawili na mwalimu wao wa vipepeo.
"Andika jina na saa. Ukitoka utaandika tena,
tusije tukakutafuta usiku."

Njia nyembamba, imelowa.
Siafu walikuwa wamekata barabara yao kuvuka yetu,
tukaruka, lakini mmoja akanipata nyuma ya goti
nikacheza ngoma ambayo sikufundishwa na mtu.
Nalubowa hakucheka. Alisubiri iishe.

Musizi umekwenda juu moja kwa moja,
haukupinda kuongea na yeyote.
Kima wenye pua nyeupe, kana kwamba wamechungulia gunia la unga,
walitutupia maganda.
Hondohondo akapita juu ya majani
na mabawa yake yalivuma
kama mtu anayekung'uta mkeka nyumba ya pili.
Juu zaidi ndege ya abiria ilikuwa inashuka,
magurudumu nje.
Kima hawakuinua hata shingo.

Halafu, bila kututayarisha, msitu ukatoa chuma.
Mnara. Ngazi, kutu, ngazi,
mpaka juu ya vilele, ambako jua lina nafasi.

"Baba alikaa pale," Nalubowa akaonyesha kwa kidevu,
"ubao wa tatu."
Kiswahili chake alikirithi kwake,
naye alikiokota kazini, kwa wenzake wa mbali.
Kazi yenyewe ilikuwa kukunja suruali.
Kuketi gizani miguu wazi,
tochi mapajani, vichupa vya kioo mfukoni,
na mbu akitua, kumfunika kabla hajazama,
kisha kuandika: saa, urefu, mguu upi.
Wengine waliwahi. Wengine waliwahiwa.
Asubuhi mama alimpaka mafuta kwenye vipele
akimwuliza, "Leo umeliwa kwa shilingi ngapi?"

Nikamwuliza kuhusu jina.
Akavunja kijiti, akakitupa.
"Kwetu ni mahali palipozidiwa na majani. Basi.
Wakalichukua wakalibandika kwenye chupa,
chupa ikapanda ndege.
Likarudi redioni likiwa ugonjwa,
na wanawake wa ng'ambo, wasioujua mti wetu hata mmoja,
wakawa wanalitaja wameshika matumbo.
Mimi nilikuwa hapa hapa, nafagia njia."

Tulishuka mpaka msitu ulipoishia,
na uliishia mapema kuliko nilivyodhani.
Upande mmoja mafunjo, na harufu ya ziwa usiloliona.
Upande wa pili vigingi vya mpimaji, rangi nyekundu kichwani,
ukuta wa matofali mabichi,
na nguo za mtoto zimeanikwa juu ya tawi la mvule,
tawi lililovuka mpaka bila kibali.
Nalubowa alizitazama zile nguo kwa muda.
"Zitakauka," akasema, tukageuka.

Ni hapo ndipo mbu aliponitua mkononi.
Nikainua kiganja. Akanizuia,
akainama karibu mpaka nikasikia pumzi yake.
"Saa kumi na dakika tano," akasema, si kwangu.
"Chini. Mkono wa kushoto."
Kisha akampiga yeye mwenyewe, kofi safi,
akafuta damu kwa ncha ya kitambaa cha panga.

Getini nikaandika saa ya kutoka.
Kwenye safu ya sababu niliandika: kutembea.
Alisoma, akachukua kalamu,
akaongeza kwa herufi zilizonyooka,
herufi za mtu aliyefunzwa na baba yake:
*ameumwa mara mbili.*